Ningeongea na Baba

Mwaka ule, kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kelele zake, mjukuu wangu Mwanamkasi alikuwa ameshafagia uwanja, ameshateka maji bombani na kuchemsha chai ya tangawizi. Kisha alipanga vikombe vitatu juu ya jamvi. Nyumbani tulikuwa wawili. Kikombe cha tatu kilikuwa cha Idarusi, mwanangu wa pekee, yaani baba yake. Chai ya kikombe hicho nilikuwa naimalizia mimi ikishapoa, maana kumwaga chai ni dhambi, na dhambi nilizonazo zinanitosha.

Nyumba yetu iko Pangani, nyuma ya soko. Mkasi, ndivyo tulivyomwita, alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikulia Maramba kwa mama yake. Mama alipoolewa tena akajifungua mapacha, mtoto akaletwa kwangu na begi moja na kuku mmoja. Kuku alizoea siku ya pili. Mtoto hakuzoea. Wakati wa mapumziko alikaa peke yake kwenye ngazi ya darasa la sita, akichora chini kwa kijiti. Nilimwona, kwa sababu nauza mihogo ya kukaanga langoni pa shule, na jicho langu la kushoto halijastaafu.

Idarusi alikuwa baharia katika meli ya Wahispania inayovua jodari bahari kuu. Aliajiriwa pamoja na Yasini, mtoto wa jirani yangu Khadija. Mwanzoni walipiga simu kila meli ilipotia nanga. Halafu simu zikakoma. Mwezi wa kwanza tulisema ni mtandao. Mwezi wa pili tukasema meli iko mbali. Mwezi wa nne hatukusema kitu.

Idarusi alikuwa ametuachia karatasi yenye namba ya ofisi ya wenye meli. Niliipiga mara moja tu. Akapokea mwanamke, akamwaga maneno kama mvua ya mawe juu ya bati. Nikamwambia, "Hujambo, mwanangu?" Akanyamaza kidogo, kisha akamwaga tena. Nikakata.

"Bibi, kile ndicho Kihispania?" Mkasi aliniuliza.

"Kama si Kihispania, basi yule mama ana jino linamuuma."

Jumatano iliyofuata alianza kwenda kwa Mwalimu Timotheo.

Mwalimu Timotheo ni Msambaa, bwana shamba mstaafu. Ujanani alipelekwa Kuba kusomea kilimo cha michungwa, akarudi na michungwa kichwani na Kihispania mdomoni. Mkewe alishafariki, watoto wako Arusha. Jumatano na Jumamosi alasiri alikuwa akiwafundisha barazani kwake vijana wanaotaka kuja kuwaongoza wageni kwenye magofu ya Tongoni. Nadhani angefundisha hata mbuzi, mradi baraza lisiwe tupu.

Siku moja mvua ilinyesha, nikampelekea Mkasi mwavuli. Nilikuta somo linaendelea.

"Hablar ni kuongea," Mwalimu alikuwa anasema, chaki mkononi. "Ukitaka kusema 'ningeongea', usilikate neno hata ukucha. Liache zima, halafu lipachike mkia. Sisi Waswahili 'nge' tunaiweka tumboni mwa neno. Wao wanaiweka mkiani. Hablar, hablaría."

"Hata huku kwetu, Mwalimu," nikasema kutoka mlangoni, "nge sumu yake iko mkiani."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Mkasi peke yake hakucheka. Alikuwa anaandika.

Jioni hiyo alianza kuhifadhi kama alivyozoeshwa kwenye chuo cha Kurani: miguu ameikunja, mwili unakwenda mbele na nyuma, sauti imepanda. "Hablaría, hablarías, hablaría, hablaríamos, hablarían. Ningeongea, ungeongea, angeongea, tungeongea, wangeongea." Siku ya tatu, nikiwa nakuna nazi, nilijikuta naitikia "amin" kila akifika mwisho.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, maana kwetu bibi humtania mjukuu wa kike hivyo, "watu wote hao wangeongea tu, wangeongea tu. Hakuna hata mmoja anayeongea?"

"Bado, bibi. Nataka nijue maneno yote kwanza. Nikishajua, nitapiga ile namba, nimuulizie baba."

Akajua kula, akajua kuishi, akajua kununua, vyote na mikia yake. Mwalimu akamsifu mbele ya wenzake. Lakini ile namba hakuipiga. Karatasi aliikunja mara nne akaificha ndani ya daftari, na mimi sikumkumbusha.

Basi siku moja wakati wa mapumziko, msichana mmoja wa darasa lao, Blessing, alikuja kununua muhogo. Akamuuliza Mkasi, mbele yangu, bila ubaya wowote, "Eti meli ya baba yako imezama? Sele wa darasani ndiye anasema."

Mkasi akainua kidevu. "Sele ana wazimu," akasema. "Mimi naongea na baba kila Alhamisi. Tunaongea Kihispania, ili nizoee."

"Mwongo!"

"Njoo Alhamisi."

Blessing akaja, tena hakuchelewa. Mkasi akachukua simu yangu ya kitochi juu ya kabati, akasimama karibu na kamba ya nguo, akaiweka sikioni. "Hablaría?" akauliza. Akasikiliza. "Hablarías!" akacheka. Akashusha sauti, kama mtu anayeambiwa jambo la nyumbani. "Hablaríamos... hablaríamos." Watoto wa siku hizi wanaigiza kuliko watu wa televisheni. Blessing alibaki mdomo wazi.

Kesho yake nilichungulia kwenye ngazi ya darasa la sita. Hakuwa peke yake. Wasichana watatu walikuwa wamemzunguka, na mmoja alikuwa anamsuka nywele. Nikajisemea moyoni, Tausi wewe, nyamaza. Mtoto amepata wenzake.

Lakini uongo haukai kwenye ngazi ya shule. Uongo una miguu, na Pangani ni mji mdogo. Alhamisi iliyofuata Khadija aliingia uwanjani kwetu bila kubisha hodi, kanga imemteleza kichwani.

"Shikamoo, Mama Idarusi."

"Marahaba, mwanangu. Pumua kwanza."

"Nasikia Mkasi anaongea na melini! Na mimi nilitaka Jumatatu niende Tanga, kwa yule bwana aliyewaandikisha wanetu. Nilikusudia nikae mlangoni kwake mpaka anijibu. Mkasi, mama, niulizie Yasini. Neno moja tu."

Mkasi alinitazama mimi. Mimi nikatazama nazi yangu.

Akachukua simu. Akasema maneno yake, akanyamaza, akasema tena. Alipoishusha, Khadija alikuwa amemshika mkono.

"Yasini ni mzima," Mkasi akasema polepole. "Anakusalimu. Atarudi... atarudi mwezi wa maulidi."

Khadija akakaa chini palepale kwenye mchanga, akalia, akacheka, akalia. "Basi siendi Tanga," akasema. "Niende kumsumbua mtu kwa nini, na mwanangu ni mzima?"

Toka hapo akanunua chokaa akapaka chumba cha Yasini. Kila Alhamisi alituletea sahani ya visheti vya kumshukuru Mkasi. Mkasi hakuvigusa. Alianza kukonda, na vikombe vya asubuhi aliviweka bila kusema neno. Wasichana watatu walikuwa bado wanakaa naye ngazini, lakini sasa nilimwona yuko peke yake katikati yao, na huo ndio upweke mbaya kuliko ule wa kwanza. Visheti nilikula mimi. Niliwaambia mapema kuhusu dhambi zangu.

Alhamisi ya nne baada ya ile, Khadija alikuja na wanawake wawili wa mtaani waliotaka kusikia Kihispania kwa masikio yao. Wakajipanga juu ya jamvi kama wako harusini. Mkasi akasema leo mtandao hauko vizuri. Khadija akasema, "Jaribu tu, mama, tuko radhi kungoja." Mtoto hakuwa na pa kupitia. Akachukua simu.

"Hablaría, hablarías..."

Hapo ndipo hodi ilipobishwa, akaingia Mwalimu Timotheo na mche wa mlimau ndani ya kopo. Aliniahidi tangu masika. Mkasi alikuwa ameupa mlango mgongo, hakumwona. Akaendelea na kuongea, akapita kwenye kula, comería, comerías, akafika kwenye kuishi. Alicheka panapostahili kicheko. Akatikisa kichwa. Wanawake walikuwa wanasogeleana na kunong'ona, "Mashaallah."

Mwalimu alisimama na kopo lake kifuani. Mwanzo alitabasamu. Kisha tabasamu likaondoka kidogo kidogo, akaweka mche chini taratibu kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Mkasi akageuka, wakaonana. Simu ikabaki sikioni, lakini sauti ilikatika.

"Mbona kanyamaza?" akauliza Khadija. "Mwalimu, wewe unakijua Kihispania. Wanasemaje huko?"

Nikaona jasho linamtoka mtoto juu ya mdomo. Mwalimu akavua kofia, akaipangusa ingawa haikuwa na vumbi.

"Nimeingia katikati ya maneno," akajibu. "Siwezi kueleza maongezi ambayo sikuyasikia mwanzo wake. Mwacheni mtoto apumzike, mama zangu."

Wanawake wakaaga. Khadija akaacha visheti vyake. Tulipobaki watatu, Mwalimu akakaa kwenye jamvi, magoti yakalia.

"Mwanamkasi," akasema, "nani angeongea?"

Mkasi akaishusha simu, akaishika kwa mikono miwili.

"Nimesikia ningeongea, nikasikia ungeongea na angeongea. Sikusikia mtu aliyeongea. Upande wa pili kulikuwa na nani?"

Mkasi akaiweka simu chini. Machozi yakatoka kabla ya maneno. "Hakukuwa na mtu, Mwalimu. Sijawahi kuongea na baba. Hata ile namba sijaipiga."

"Kwa nini hujaipiga? Maneno unayo."

"Naogopa watakachosema." Alijifuta kwa kiganja. "Nisipopiga, baba angerudi. Angeleta zawadi. Angekunywa chai yake. Nikipiga, labda wataniambia..."

Mwalimu akanigeukia mimi. "Mama, mtoto huyu amelibeba hili peke yake miezi yote, na wewe ulikuwa hujui?"

Hapo, wajukuu zangu, nilitaka kusingizia uzee. Uzee ni kinga nzuri sana, mtu akikuuliza jambo unasema masikio yamepungua. Lakini nilimtazama Mkasi, mabega yake madogo, nikaona haya. Nikashika pindo la kanga yangu, nikafungua fundo, nikatoa kitu na kukiweka juu ya jamvi kando ya simu.

Ilikuwa betri.

"Betri ya simu hii ilivimba tangu kabla ya siku ile Blessing alipokuja," nikasema. "Niliitoa mwenyewe, nikaifunga hapa nimpelekee fundi. Mtoto alikuwa anaongea na kasha tupu, na mimi nilijua tangu neno la kwanza. Ila alipokuwa akiongea, niliona kama mwanangu yuko kweli upande wa pili. Nikanyamaza. Yeye kadanganya kwa mdomo, na mimi nimedanganya kwa masikio. Ndiyo maana hata betri sikuipeleka kwa fundi. Nilikuwa naogopa kama yeye."

Mkasi alinikodolea macho. Kisha akaja akalaza kichwa chake mapajani mwangu, na ilikuwa mara ya kwanza tangu aje kutoka Maramba.

"Haya," akasema Mwalimu, akavaa kofia yake, "simu ninayo, na lugha tunayo. Kesho tunapiga. Lakini kabla ya Uhispania kuna nyumba ya jirani."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Tulikwenda kwa Khadija mapema, Mkasi akitangulia, mimi nyuma yake na ile sahani, nimeijaza mihogo, maana kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Khadija alikuwa anapaka chokaa dirishani. Mkasi akaamkia, akasimama wima kama yuko mbele ya darasa, akasema yote. Hakuficha kitu wala hakunisingizia. Nilipotaka kumsaidia, akasema, "Ngoja, bibi, nimalize."

Khadija hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Aliweka brashi chini, akatazama vidole vyake vyeupe.

"Mwezi mzima," akasema. "Mwezi mzima nimekaa napaka ukuta."

"Nisamehe, mama."

"Sijui kama mwanangu yu hai, na wewe ukanitumia salamu zake." Akanitazama mimi. "Na wewe, Mama Idarusi, visheti vyangu ulikuwa unavila?"

"Nilivila," nikasema. Sikuwa na mzaha hata mmoja mfukoni.

Aliingia ndani. Tukadhani ametufungia mlango. Akatoka amevaa baibui. "Twendeni kwa Mwalimu," akasema. "Hasira nitazimalizia huko huko."

Barazani kwa Mwalimu, simu ikawekwa kwenye kigoda, sauti imefunguliwa wote tusikie. "Nitakuwa pembeni yako," Mwalimu alimwambia Mkasi. "Ukikwama nitakusaidia. Lakini anza wewe, kwa sababu baba ni wako."

Ikalia mara nne. Akapokea yule mwanamke wa mvua ya mawe.

"Buenos días," akasema Mkasi, sauti nyembamba kama uzi. "Me gustaría hablar con mi padre."

Baadaye nilielezwa maana yake: ningependa kuongea na baba yangu. Ni mkia uleule wa nge, lakini safari hii kulikuwa na mtu upande wa pili. Mwanamke akauliza jambo. Mkasi akakauka. Nikaona mwili wake unaanza kwenda mbele na nyuma, midomo inatafuta hablaría ili ifuatwe na zingine.

"Usianze mwanzo," Mwalimu akanong'ona. "Hapa si pa kusoma kwa kufuatana. Amekuuliza jina la baba tu."

Mwili ukatulia. "Idarusi," akasema. "Mi padre se llama Idarusi." Akataja na meli. Tukasikia karatasi zikifunuliwa huko Uhispania. Khadija alikuwa amenishika kiganja, na chokaa ikahamia kwangu. Mwanamke aliporudi alisema mengi, na Mkasi akamkabidhi Mwalimu simu. Mwalimu alisikiliza, akaandika, akashukuru, akakata.

"Wako hai," akasema. "Wote wawili."

Sikumbuki nilipiga kelele gani, ila mbuzi wa Mwalimu alikata kamba.

Mashine ya meli ilikuwa imeharibika, ikavutwa mpaka bandari ya mbali, upande wa pili wa Afrika, na mabaharia walikuwa wakisubiri matengenezo humo humo melini. Jumamosi saa nne wangeitwa kwenye simu ya nahodha. Mwalimu akasita, kisha akamgeukia Khadija. "Lakini Yasini aliteleza akavunjika mguu. Amekaa hospitali ya huko wiki sita. Sasa anatembelea magongo."

Mkasi akajifunika uso. Ni yeye aliyesema Yasini ni mzima.

Khadija akamsogelea. Kisha akamtoa mtoto mikono usoni.

"Nisikilize," akasema. "Na bibi yako asikilize vilevile, leo asijifanye kiziwi. Wiki sita mwanangu amelala kwa watu asiowajua, na mimi napaka chokaa. Ningejua, ningemtafuta nimpe hata sauti yangu. Habari mbaya ya kweli, mtu hujifunga kibwebwe akaifuata. Habari njema ya uongo humkalisha kitako. Ukiogopa jambo, usilizunguke kwa maneno mazuri. Tafuta mtu umshike mkono, muulize wote wawili. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Basi Jumatatu uje umalizie dirisha langu. Brashi iko palepale."

Na alikwenda. Jumatatu ile alimweleza pia Blessing ukweli, pale ngazini. Wawili kati ya wale wasichana wakahama. Blessing alibaki, akataka afundishwe kusema "ningependa muhogo". Nilimpa mmoja wa bure, kwa Kiswahili.

Lakini Jumamosi ilitangulia. Saa nne kamili simu ya Mwalimu iliita. Khadija akaongea kwanza, akalia, akamfokea Yasini kwa kuteleza, akamwambia asiweke uzito kwenye mguu. Kisha Mkasi akapewa. Daftari lilikuwa wazi magotini, kurasa tatu za mikia. Hakulitazama.

"Shikamoo, baba."

Kukawa na sauti ya upepo. "Marahaba. Nani huyo?"

"Mkasi."

"Mkasi wangu? Mbona sauti imekua hivyo?" Tukamsikia anavuta pumzi. Simu yake na ya Yasini zilikuwa zimezama na namba zote ndani yake, akaeleza, na namba ya nyumbani hakuwa ameihifadhi kichwani. Fikirini, mtoto amehifadhi Kihispania kizima, na baba hajui namba ya mama yake! Mkasi akamtajia ile namba hapo hapo, akamrudisha mara tatu aikariri, kama ustadhi.

"Na bibi yako hajambo? Yuko wapi?"

Mkasi akanitazama. Nilikuwa nimegeukia ukutani, naona aibu kulia mbele ya Mwalimu.

"Yuko hapa, baba," akasema. "Anajifanya hasikii."